Karudi Same na Ubao wa Bahari, Kitaa Kikacheka

Klipu yenyewe fupi tu. Lori limesimama pembeni ya lami pale Same mjini, jua la saa saba, milima ya Upare nyuma inaonekana kama imechorwa. Jamaa kavaa vesti na kandambili, anashusha ubao mweupe mrefu kuliko mlango wa nyumba. Anayerekodi anasikika: "Oya, bahari imehamia Same?" Halafu vicheko.

Mpaka jioni ilishazunguka kwenye status za nusu ya mji. Kuna walioita ule ubao "Titanic ya Upareni". Wengine walisema ni wa kupigia pasi mashuka ya hoteli. Usiku ule ikafika Dar, kwenye simu ya binti aliyekuwa anaitwa mchumba. Meseji yake ilikuwa moja: "Kumbe ndo umerudi na hicho?" Baada ya hapo, tiki moja ya kijivu hadi leo.

Jamaa ana miaka 27. Kazaliwa juu kabisa, upande wa Mamba, kwenye mashamba ya tangawizi. Akakaa Paje, Zanzibar, miaka sita. Alianza kwa kuosha vifaa vya wageni, akaishia kuwafundisha kusimama juu ya maji. Kiingereza kikanyooka, Kiitaliano cha kubangaiza kikaingia, picha za Instagram zikawa kali. Nyumbani wakajua kijana ameula.

Kilichokuwa nyuma ya picha ni kingine. Kituo alichofanya kazi kiliyumba, mshahara wa miezi minne ukawa wa "kesho". Mwisho akaambiwa aingie stoo achague kitu, waachane kwa amani. Humo stoo kulikuwa na mbao za tanga za zamani. Siku hizi Paje ni kaiti tupu, ule mwavuli mkubwa unaomvuta mtu angani. Ubao wa tanga hauna soko tena. Alichagua mrefu kuliko yote. Tanga lilishaoza, mlingoti ulishavunjika.

Hela ya kuusafirisha kwa boti hadi Dar, kisha kwa lori hadi Same, hakuwa nayo. Akampigia mama. Mama akauza gunia la tangawizi, akatuma kwa simu bila maswali mengi. Alijua kijana wake anarudi na vitu.

Siku ya gulio mama akashuka kutoka Mamba kuja kuviona. Akauzunguka ule ubao pale uani kwa kaka yake, akaugonga kwa vidole kama anachagua chungu. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hiki ndicho kilichokula tangawizi yangu?"

Jamaa hakuwa na jibu. Na hapo ndipo ilipo noma ya kurudi nyumbani. Kuna vijana kibao Dar, Zanzibar na Mombasa ambao maisha yameshawakataa lakini hawapandi basi, kwa sababu stendi ya kwao wanaiogopa kuliko njaa. Unarudije mikono mitupu? Na huyu hakurudi mikono mitupu. Alirudi na kitu cha kuchekwa, ambacho labda ni kibaya zaidi.

Aliyemtoa kwenye kona ni mjomba wake, fundi seremala. Upareni mjomba anamwita mpwa wake "mjomba" na mpwa anaitikia hivyohivyo, kwa hiyo maongezi yao ukiyasikia mbali huwezi kujua nani mkubwa.

"Sasa mjomba, hiki kitu bila tanga kinafanya nini?"

"Kinaelea, mjomba."

"Kinakubeba?"

"Kinanibeba."

"Basi hakijafa. Lete msasa."

Watani wa Wapare husema hawa watu hawatupi hata msumari uliopinda. Utani huo safari hii ulikuwa na faida.

Maana hesabu ya ubao haikuwa mbaya hata kidogo. Mchezo wa tanga ulianza kuenea miaka ya 1960 huko Marekani, ukaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na mbao za enzi hizo zilikuwa kubwa, nyingi na ujazo wa zaidi ya lita 200. Kila lita moja ya ujazo inabeba karibu kilo moja. Weka kilo 70 za mtu na karibu kilo 20 za ubao wenyewe, bado unaelea kwa raha zako. Na ubao unaoelea bila tanga unaendeshwa kwa kafi ukiwa umesimama. Wahawai wamefanya mchezo huo ukajulikana duniani, ila mvuvi wa pwani yetu anayesukuma mtumbwi kwa pondo naye husimama, na hakuna anayemrekodi.

Tatizo lilikuwa ufa. Pua ya ubao ilipasuka zamani, maji yakaingia kwenye povu la ndani, ubao ukawa mzito kama maiti. Wakausimamisha ukutani ufa ukiangalia chini, jua la Same likafanya kazi yake wiki mbili. Maji yakadondoka hadi yakaisha. Kisha wakapaka gundi ya dukani. Ikabanduka. Wakapaka ya bei mbaya zaidi. Ikabanduka nayo.

Dawa ilikuwa sokoni, kwa yule mzee anayeziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto. Mzee aliukwaruza ubao kwa kucha, akanusa, akacheka: "Hii si ndugu yake dumu?" Alikuwa sahihi. Gamba la mbao nyingi za zamani ni plastiki ya jamii ileile ya madumu na matenki ya maji, na plastiki hiyo haipendi gundi, inapenda moto. Akakata utepe kwenye dumu bovu, akauyeyusha juu ya ufa, akaukandamiza mpaka vikawa kitu kimoja. Jamaa akakaa pembeni anaangalia. Kesho yake akarudi kuangalia tena, safari hii mzee akampa chuma ashike.

Katikati ya ubao kulikuwa na tundu refu la kuchomekea ubao wa chini. Ukiliacha wazi, maji yanakurukia miguuni kama bomba limepasuka. Mjomba akachonga kipande cha mbao kikaingia sawasawa, wakakizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Kafi nayo akaichonga mwenyewe: mpini mwepesi unaozidi kimo cha mtu kwa shibiri moja, bapa la plaiwudi limeinama kidogo kuelekea mbele. Ili miguu isiteleze, sehemu ya kusimamia ilipigwa msasa ikasuguliwa na mshumaa. Saa nne asubuhi jua likayeyusha mshumaa wote. Fundisho: huu mchezo Same ni wa alfajiri.

Maji sasa yako wapi? Kwanza aliwaza ndiva, yale mabwawa madogo ya asili milimani ambako maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Akamfuata mzee mmoja wa ndiva, akampa shikamoo yake, akaeleza. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Mjukuu wangu, haya maji yana zamu. Leo ni ya mahindi ya watu. Huo ubao unalima nini?" Kikao kikaishia hapo, na kusema kweli mzee hakukosea.

Ikabaki Nyumba ya Mungu, bwawa kubwa upande wa magharibi wa milima, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani. Lina umeme wa megawati 8, lina perege, lina kambi za wavuvi. Na mamba wapo, si stori za kutishia watoto. Wavuvi walipomuuliza kwao ni wapi, akajibu, "Mamba." Kambi nzima ikaanguka kicheko. "Basi ndugu zako wako kule kwenye matete, ukawasalimie."

Wakamwonyesha pa kupita na pasipopitika. Wakampa boya la kuvaa. Asubuhi ya kwanza mambo yakaenda poa: akaanza kwa magoti, akasimama, akaanguka, akasimama tena. Ubao wa tanga ni mwembamba kuliko mbao zinazotengenezwa kwa ajili ya kafi, kwa hiyo miguu inatetemeka mpaka mwili uzoee. Maji yalikuwa kimya, akaenda, akaenda, upepo mdogo ukimsukuma mgongoni. Raha.

Alipogeuka kurudi ndipo akaelewa. Ubao hauna tanga, lakini mtu aliyesimama ni tanga. Upepo ulishapanda na kifua chake ndicho ulichokuwa unakisukuma. Anapiga kafi kumi, anarudi nyuma. Matete yanakuja karibu. Yule mwalimu wa Paje wa picha kali alikuwa peke yake katikati ya bwawa, mdomo mkavu.

Kilichomwokoa ni kushuka. Alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi, kafi akaibana chini ya kifua, akapiga maji kwa mikono. Upepo ukakosa pa kumshika. Hakufika ufukweni, lakini aliacha kurudi nyuma, na hiyo ilitosha mpaka mtumbwi ukamfuata. Mvuvi mkubwa wa umri hakumpa pole. "Dogo, unaanza safari kwa kwenda na upepo, nani atakurudisha? Anza kwa kupambana nao. Ukichoka, wenyewe ndio utakaokuleta nyumbani."

Hilo ni somo la kafi ambalo waalimu wote duniani wanalifundisha, na yeye mwenyewe alishawafundisha wageni mara mia. Ila Paje kulikuwa na boti ya uokoaji.

Ungetegemea stori imalizike kwa yeye kufungua biashara ya utalii bwawani. Haikwenda hivyo. Kilichomwinua ni kile chuma cha moto. Same ni kukavu, kila nyumba ina tenki, ndoo na madumu, na jua linavipasua. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unachota maji hukohuko Nyumba ya Mungu, lakini mtu wa ukame haachi kuhifadhi. Yule mzee wa sokoni macho yalishachoka, akawa anamsukumia kazi za matenki. Tenki jipya ni hela ndefu. Kuziba ufa ni hela ya kawaida. Taratibu simu ikaanza kuita, na baadhi ya wanaoita ni walewale waliosambaza klipu.

Kuna mwenye baa akaja na laki tatu. Anautaka ubao autundike ukutani, auzungushie taa za rangi, watu wapige picha. Laki tatu kwa kitu kilichochekwa na mji mzima! Jamaa akaomba siku mbili. Binti wa Dar naye akatuma "hongera" kwa namba mpya. Akajibu "asante", akaishia hapo.

Kabla siku mbili hazijaisha akapanda Mamba na hela ya gunia la tangawizi kwenye bahasha. Akaziba na tenki la mama lililokuwa linavuja tangu masika. Mama akahesabu hela mara mbili, akaifunga kwenye kanga. Wakala makande. Ndipo akauliza:

"Na ule ubao?"

"Upo, mama. Kuna mtu anatoa laki tatu."

Mama akatafuna kwanza. "Unaupanda lini?"

"Jumapili, asubuhi. Nikirudi nakuwa mtu mpya."

"Basi mwambie hauuzwi. Ule umetugharimu gunia zima."

Haya wadau, laki tatu taslimu au ubao wa Jumapili? Wewe ungechukua kipi?