Mikoma ya Mto Turkwel

Mtu asafiriye kutoka Kitale kwenda Lodwar huyaacha mashamba ya mahindi nyuma yake, akashuka kwa njia ya Marich hata akafika nchi ya mchanga, mawe na miiba. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimeta 200 tu. Lakini aukaribiapo mto Turkwel huona ukanda wa kijani, na ndani yake miti mirefu ambayo shina lake hugawanyika panda mbili, na kila panda ikagawanyika tena. Huo ndio mkoma, ambao Waturkana wa huko huuita eeng'ol. Watu wa pwani nao waujua vema kwa ajili ya miyaa yake ya kusukia mikeka.

Wengi hudhani kwamba mkoma hauhitaji maji. Sivyo. Mizizi yake huyafuata maji yaliyojificha chini ya mchanga, na mahali palipo na mikoma mingi, huenda kisima kisiwe kirefu.

Mti jike ndio uzaao. Koma lililoiva lina rangi ya hudhurungi, na nyama yake ni kavu, yenye nyuzi, lakini tamu. Watoto huitafuna kutwa nzima, na wanawake huitwanga. Kokwa yake ni ngumu kama pembe. Matunda ya mkoma wa jamii hiyo yalikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922. Bila shaka wenyeji wake walijua chakula kifaacho safari ndefu. Majani nayo husukwa vikapu, ambavyo huwapatia wanawake wengi wa Turkana fedha za matumizi.

Tena kuna utomvu wake, na hapo ndipo penye shida. Mgema hukikata kilele, pale majani machanga yachipukapo, akatega chombo, na maji matamu yakatiririka. Yakiwa mapya hata mtoto aweza kuyanywa. Yakikaa, huwa tembo. Mnazi hugemwa kwenye karara, ukaendelea kuishi na kuzaa. Mkoma sivyo. Kila panda ina kilele kimoja tu cha kukulia, na kikiisha kukatwa, panda hiyo hufa. Kwa hiyo mgema auzaye tembo la siku chache huuza pamoja nalo matunda na miyaa ya miaka mingi, ambayo pengine si yake peke yake.

Waturkana walilijua jambo hilo zamani. Kwa desturi yao iitwayo ekwar, kila jamaa ina sehemu yake ya miti kandokando ya mto, ambayo baba huwarithisha wanawe. Mgeni hakati mti wala halishi mifugo hapo bila ruhusa, na wakati wa ukame sehemu hiyo ndiyo ghala ya watu na wanyama. Sheria hiyo haikuandikwa, lakini ililinda miti kuliko mbao nyingi za onyo.

Siku hizi ulinzi huo una kazi ngumu zaidi. Bwawa la Turkwel, lililomalizika mwaka 1991, huzuia mafuriko yaliyokuwa yakiinywesha ardhi ya kingo, na wakulima wa mifereji hufyeka miti ili kupata mashamba. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kutaka mahindi. Lakini mfereji ukikauka mahindi hunyauka kwa majuma machache, na watoto wake watakwenda kuokota makoma chini ya mti ambao hakuukata.