Dari ya Gari na Uaminifu

Tulikuwa na motokaa kuukuu ya fahari, Jaguar XJ6 iliyoundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1985. Kitambaa cha dari yake kilibambuka, kikaning'inia hata kikawagusa vichwa walioketi nyuma. Tulipoazimia kuiuza, walitokea watu wakatushauri tukibane kwa pini, au tukirudishe kwa gundi, ili mnunuzi asitambue.

Lakini kasoro haikuwa ya kitambaa. Nyuma yake pana sponji nyembamba, na hiyo ndiyo iliyogandishwa kwenye bao la dari. Joto na unyevu wa miaka mingi huila sponji hata ikawa vumbi lenye kunata, na gundi mpya ikitiwa juu ya vumbi hilo haishiki. Dawa yake ni kulitoa bao zima, kulisugua kwa brashi mpaka sponji ya kale iishe, kisha kupaka gundi inayostahimili joto na kuvika kitambaa kipya chenye sponji yake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji ndani yake. Akamfundisha mwenye mali kwamba kilicholowa huwekwa juu, watu wakione.

Basi tulimlipa fundi ujira wake, na faida yetu ikapungua. Enyi vijana wetu, mafundi na wafanya biashara, jueni ya kuwa faida iliyopungua kwa haki ina baraka kuliko iliyozidi kwa kuficha aibu.