Mbao ya Bei Poa Itakula Pesa Yako Mara Mbili

Leo hakuna vichekesho, leo ni mbao. Na sio ile mbao ya mtaani, shilingi ishirini. Naongelea mbao ya kujenga, ile inakula bei ya mbuzi kadhaa kabla hujaona hata ukuta.

Msimamo wangu ni huu: huku kwetu Turkana, "mbao gani ni bei poa?" ni swali la mwisho. La kwanza ni, hii mbao itaishi wapi? Ardhini, mlangoni, ama juu kwenye paa? Kila mahali pana adui wake. Ukinunua aina moja ya kila kitu kwa sababu muuzaji amekupunguzia, basi umelipia shida mapema.

Najua kuna mtu atauliza, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza ujenzi kama nani? Swali halali. Sina cheti. Lakini mwaka jana tulimjengea mama duka la chumba kimoja Kakuma, mimi, mjomba na fundi. Pesa ilikuwa ya chama cha mama, nikaongezea kidogo nilichotoa kwa video. Ya kujenga mara ya pili haikuwepo. Ukiwa na pesa ya mara moja, unauliza maswali mengi sana.

Adui wa kwanza ni jua. Mbao nyingi za kupasuliwa unazoona Lodwar zimetoka juu, kwa barabara ya Kitale na Kapenguria. Ni saiprasi, paini, grevilea na blugam. Kitale hadi hapa ni karibu kilomita 300, halafu Kakuma ni kama 120 zingine. Mti unaweza kuwa umepasuliwa juzi tu, kwenye baridi, bado umejaa maji. Ukifika huku, maji yanatoka haraka, na mbao ikikauka inasinyaa, zaidi upande wa upana kuliko urefu. Kama upande mmoja umekauka kabla ya mwingine, inajikunja. Sasa fikiria iko juu kwenye kenchi, imeshapigwa misumari, na mabati yako juu yake yanachemka mchana kutwa. Misumari inalegea. Halafu upepo wa jioni unakuja kukusalimia.

Kwa hivyo ukiingia yadi, usianze na bei. Inua mbao mbili za kipimo kimoja na aina moja. Ile nzito zaidi kwa kawaida ndiyo yenye maji. Iweke mbele ya jicho moja kama unalenga kitu, uone kama imenyooka. Angalia mafundo: dogo lililoshikana ni sawa, kubwa katikati ya 4 kwa 2 ya paa ni hapana. Angalia pia kama ule moyo wa katikati kabisa wa mti umo ndani ya mbao. Ukiwa umo, hiyo itapasuka ama ijikunje kwa urahisi kuliko zingine.

Ukishanunua, usipigilie siku hiyo hiyo. Zipange kivulini, vijiti vidogo katikati ya kila safu ili upepo upite, na mawe juu ili zisijipinde. Sisi tulichukua kipande kimoja tukawa tunakipima kwa mizani ya duka. Uzito ulikuwa unashuka kila tukipima. Uliposimama, ndipo fundi akapanda juu. Alikuwa amenuna kwa sababu ya kungoja, lakini paa limenyooka.

Adui wa pili ni mchwa. Paini ukiizika ardhini bila dawa, umewapikia. Nguzo ya kuingia chini inataka blugam iliyotiwa dawa kiwandani kwa presha, kama zile za stima, ama mtarakwa, ule mwekundu unaonukia penseli. Mtarakwa ni mti wa asili wa milimani, so uliza muuzaji kibali cha kusafirisha. Oili chafu ya gari, ile mafundi wanapaka, inabaki juu juu tu. Mbao ikipasuka kidogo, mchwa ameona mlango.

Na nguzo ya dawa usiikate upande unaoingia ardhini. Dawa haifiki mpaka ndani kabisa, so ukikata unafungua pale ambapo haikufika. Kata juu. Halafu hii niskizeni vizuri, hasa watu wa Kakuma: vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa nyingi za hizo nguzo zina arseniki. Najua kuni zimekuwa shida tangu kambi ifunguliwe 1992, wenyeji na wakimbizi wote wanatafuta ukuni mmoja. Lakini hiyo ni sumu, moshi wake na hata jivu lake.

Sasa tufike pale palipokuwa na moto. Fundi alituambia tupunguze gharama: nguzo za ukuta tukate ewoi kando ya mto, ni bure. Mama akamwangalia, akamuuliza, "Bure ya nani?"

Kwa wenzangu mliokulia estate: ile miti ya kando ya Turkwel na malaga mengine si ya hewani. Kuna kitu kinaitwa ekwar, sehemu ya miti ambayo familia fulani inajulikana ndiyo yenye haki nayo, tangu mababu. Ewoi huangusha maganda ya mbegu wakati nyasi zimeisha, na mbuzi wanakula. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mama hakusahau mbuzi wake waliobaki walibaki kwa sababu ya nini. Alisema heri duka likae bila ukuta. Na hakuwa anatishia.

Kilichotuokoa ni mti ambao kila mtu anautukana: mathenge. Uliletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukakataa kuwa mgeni, na mwaka 2008 serikali ikautangaza magugu hatari. Unaziba njia, miiba yake inatoboa hadi tairi. Sawa, yote kweli. Lakini mbao yake ya ndani, ile ya rangi ya kahawia, ni nzito, ngumu, na inasinyaa kidogo sana. Mchwa hawaipendi kama paini.

Shida yake ni mbili. Haijanyooka, na inamaliza meno ya msumeno. Kwa hivyo usiitafutie kazi ya urefu. Ipe kazi fupi: fremu ya dirisha, kizingiti cha mlango, vigingi vya ua, fito za ukuta. Toa gome mara tu unapokata, na uchonge ile sehemu nyeupe ya nje, kwa sababu wadudu wa kutoboa huanzia hapo. Ukiona unga mweupe chini yake, wameshaingia.

Duka la mama basi liko hivi: paa saiprasi iliyokauka, nguzo nne za pembeni blugam ya dawa, fremu na ukuta mathenge. Hakuna ewoi hata moja.

So kabla hujatuma pesa ya mbao kwa simu, chora nyumba yako kwa karatasi, hata kama huwezi kuchora. Andika kila sehemu itakutana na nini: jua, mchwa, maji ya laga, ama mkono wa mtoto. Halafu nenda yadi na hiyo karatasi. Na ukiambiwa kuna mti wa bure mahali, uliza kama mama alivyouliza.