Mtoto Ambaye Hakuzaliwa

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke, na ndoa yetu imetimiza miaka 11. Mmoja wetu aliwahi kusoma chuoni tamthilia ya Mmarekani Edward Albee, Who's Afraid of Virginia Woolf?, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1962. Jioni moja alimsimulia mwenzake. Hatuipendekezi kwa watoto, kwani imejaa ulevi na matusi. Lakini ilitugusa mahali ambapo tulikuwa tumepafunika wenyewe.

Habari yake ni hii. George, mwalimu wa historia, na mkewe Martha, binti wa mkuu wa chuo, wanawakaribisha mume na mke vijana. Usiku kucha wenyeji hao wanadhalilishana mbele ya wageni. Katikati ya ugomvi anatajwa mtoto wao wa kiume, ambaye kesho yake anatimiza miaka 21. Karibu na alfajiri George anatangaza kuwa mtoto huyo amekufa. Martha anapinga kwamba mumewe hana mamlaka ya kuamua jambo hilo peke yake, na ndipo mgeni wao anapotambua: mtoto huyo hajapata kuzaliwa. Wawili hao hawakujaaliwa kizazi, wakambuni mtoto na kumlea kwa maneno, kwa sharti kwamba asitajwe mbele ya watu.

Sisi hatukubuni mtoto; tulibuni ugonjwa. Vipimo vya hospitali vilionyesha kuwa tatizo liko upande wa mume. Usiku ule ule mke akasema, "Mama akiuliza, mwambie ni mimi." Mume akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiko kukubali. Jambo hilo tuliliita stara. Je, Qur'ani haikuwafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake?

Ikawa mke ananyweshwa mitishamba na kusikia mafumbo katika akika za watu, naye mume ameketi pale pale. Hatukugombana kama George na Martha. Mbele ya wageni tulicheka. Tulipobaki wawili, tulikosa la kuzungumza.

Kisha mama mkwe akaja na habari aliyoiona ni ya kheri: amempata binti mwenye dini awe mke wa pili, na wazazi wake wameridhia. Hapo tukaona kuwa uongo wetu umezaa. Binti wa watu angeingia nyumbani akitarajia watoto, na baada ya mwaka mmoja angelaumiwa yeye.

Tulimwendea shekhe wa msikiti wetu. Alitueleza kuwa imepokewa ruhusa katika maneno ya kuleta mapenzi baina ya mume na mke, lakini wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamebainisha kuwa hadaa ya kumnyima mtu haki yake ni haramu. Kisha akauliza, "Vazi hili linamsitiri nani, na linamwacha nani uchi?"

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mume alimweleza mama yake ukweli wote. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkwewe: "Mwanangu, na mitishamba yote ile ukainywa?" Akalia, nasi tukalia naye. Wazazi wa binti yule tuliwaomba radhi, na habari ya posa ikaishia hapo.

Tamthilia ya Albee inamalizika kukipambazuka, Martha akikiri kuwa anaogopa. Nasi tuliogopa. Tulikuwa tukiisoma Suratu Shura, inayotufundisha kuwa Mwenyezi Mungu humtunuku amtakaye mabinti, amtakaye wavulana, na humfanya amtakaye kuwa tasa, kana kwamba aya hiyo inawahusu wengine.

Hadi leo hatujajaaliwa mtoto, na dua ya Nabii Zakariya haituishi mdomoni. Ila mazungumzo yamerudi nyumbani kwetu, Alhamdulillah. Tunawaomba wazazi wasiulize kosa ni la nani. Na tunawaomba waume wenzake mume huyu: mke akijitolea kukubebea mzigo wako, usinyamaze.