Sinia Moja, Wagonjwa Wawili

Daktari wa Mpanda aliponiambia nipunguze wanga kwa ajili ya kisukari changu, niliitikia haraka kwa kuwa nilifikiria jiko langu tu. Nyumbani hakuna taabu: mgebuka wa Karema, mlenda, karanga, basi. Mtihani uko kazini.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wengi walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wale waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee, watoto wametawanyika kutafuta maisha, na mimi ndiye ninayebisha hodi.

Mzee anayeishi peke yake hali. Anapika, anaonja, anafunika sufuria. Lakini ukikaa naye mkekani, anakula. Hilo sikufundishwa kwenye semina yoyote, na naliona lina uzito kuliko nusu ya fomu ninazojaza. Kwa hiyo nanawa mikono, na mbele yetu unawekwa ugali wa muhogo, mlaini, unaovutika, na maharage pembeni.

Kuna bibi mmoja ambaye naye ana kisukari. Amekonda, mashavu yameingia ndani, na dawa anameza kila siku. Dawa ile ukiimeza bila kula, sukari inashuka hadi mtu anatetemeka na kuweweseka. Basi kwenye sinia hilo moja mimi najizuia, yeye nambembeleza. "Ongeza tonge, bibi." Naye ananitazama mkono: "Mbona wewe unadonoa kama kifaranga, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Nimemweleza kwamba wote tuna ugonjwa mmoja, ila miili haifanani. Mimi nina kitambi, yeye hana akiba. Ameelewa nusu. Tukafikia mwafaka: nakata tonge dogo, nabonyeza shimo kwa kidole gumba, nachota maharage na matembele kwa wingi, narudia taratibu ili tumalize pamoja. Kasi ya kula ndiyo anayoihesabu, si ukubwa wa tonge.

Siku ya kutembea nyumba nyingi nabeba mayai ya kuchemsha na pipi mfukoni, maana nami dawa yangu hushusha sukari. Siku moja jasho jembamba lilinitoka barazani kwa yule bibi, nikamenya pipi harakaharaka.

"Ugali hutaki," akasema, "pipi unataka. Daktari wako huyo ana umri gani?"