Kiasi Nyuma ya Usukani

Masomo ya kutafakari: Wagalatia 5:22-23, Mithali 25:28, Matendo ya Mitume 8:26-39

Katika orodha ya tunda la Roho ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia, neno la mwisho ni kiasi. Tunapofundishwa somo hili kanisani, mara nyingi kiasi tunakipeleka kwenye pombe, chakula, ulimi na mambo ya ndoa. Ni sawa, huko kote kinahitajika. Lakini sisi wawili, mume na mke, tumeona kwamba kuna mahali pengine ambapo kiasi cha Mkristo hupimwa kwa namba, mbele ya macho yake mwenyewe. Mahali hapo ni kwenye dashibodi ya gari.

Tunaandika kama watu wenye gari lenye nguvu. Ni Subaru Forester iliyotumika, kutoka Japani, ya injini ya lita mbili yenye tabo. Tulichanga fedha kwa miaka minne kuipata, na siku mchungaji alipokuja nyumbani kuiombea tulifurahi kama watoto. Kwa hiyo hatuandiki kumhukumu mwenye gari kubwa, wala hatufikiri kwamba gari dogo lina utakatifu ndani yake. Gari ni chombo, na Mungu hutupa vyombo ili tuvitumie.

Hata hivyo, gari lenye nguvu huja na jaribu ambalo mwenye gari chovu halijui. Yeye akitaka kukimbia, injini inamkatalia. Sisi ya kwetu haikatai. Mguu ukishuka kidogo tu, mlio unabadilika, mgongo unabanwa kwenye kiti, na lori lililokuwa mbele linabaki nyuma. Raha hiyo ni ya kweli, na hatuoni faida ya kujifanya haipo. Utii wa mtu ambaye hana uwezo wa kuasi haujapimwa bado. Kiasi kinaanza pale uwezo unapoanza.

Mafundi wanajua jambo hili kwa namna yao. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na mapatano kwamba gari la abiria wanalouza nchini kwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Tena magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la kwao yana kifaa kinachokata nguvu mshale ukifika 180. Hicho ni kiasi cha kiwandani. Lakini hapa kwetu Tanzania, kibao cha kuingilia mjini kinasema 50. Kati ya 50 ya kibao na 180 ya kiwanda kuna pengo kubwa, na pengo hilo kiwanda kimemwachia dereva. Mithali inamfananisha mtu asiyejizuia na mji ambao kuta zake zimeanguka, na adui wa mji wa namna hiyo hahitaji hata kubisha hodi.

Wengi wetu tunao ukuta mmoja tu, nao ni askari wa usalama barabarani mwenye tochi. Tunafahamu jinsi mambo yanavyokwenda. Dereva anayekuja anawasha taa mara mbili, nasi tunaelewa kwamba mbele kuna trafiki. Mguu unanyanyuka, tunapita kwa adabu, tunasalimia, na mita mia tano mbele mguu unarudi palepale. Sheria imefanya kazi yake kwa dakika moja. Sisi Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kwamba sheria inaweza kumzuia mtu, lakini haiwezi kumpa moyo mpya. Anayepunguza mwendo kwa kuiogopa faini ya shilingi 30,000 ameokoa shilingi 30,000. Kiasi ambacho Paulo anakitaja kinaota ndani, nacho kinabaki hata pale ambapo hakuna tochi.

Kwetu ni Kilimanjaro, na wanaotoka huko wanajua Desemba ilivyo. Dar es Salaam inahama. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, msururu wa magari hadi Moshi. Ukifika nyumbani, hata maji hujanywa, shemeji anauliza, "Mmetoka saa ngapi?" Hapo ndipo mashindano yanapotajwa. Fulani ametumia saa saba. Fulani aliwaacha wenzake Segera, na Same wakamkuta ameshakula na kupumzika. Anayesema ametumia saa kumi anachekwa, na kama gari lake linajulikana kuwa na nguvu, anachekwa zaidi. Majivuno ya barabarani yana sura ya mzaha wa kifamilia, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuyakemea. Nani atamhubiria shemeji sikukuu ya Krismasi?

Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno hili hili, magari, kwa vyombo vya kukokotwa na farasi vya zamani zile, na inayataja mara nyingi. Torati ilimwonya mfalme asijiongezee farasi. Sulemani alikusanya magari 1,400, na maisha yake tunajua yaliishia wapi. Lakini kuna magari mawili ambayo sisi tumeyatafakari zaidi ya mengine.

La kwanza ni la Yehu. Katika Wafalme wa Pili sura ya 9, mlinzi aliye mnarani anaona kundi linakuja kutoka mbali. Uso hauonekani bado, lakini anamtambua Yehu kwa jinsi anavyoendesha, kwa kasi ya mtu aliyerukwa na akili. Fikirini jambo hilo, wapendwa. Mtu anajulikana kwa uendeshaji wake kabla hajajulikana kwa sura. Na sisi tunaobandika stika ya Yesu kwenye kioo cha nyuma tukumbuke kwamba anayeisoma ni yule tuliyempita vibaya.

La pili ni la yule Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake. Yeye alikuwa mtu mkubwa, na gari lake bila shaka halikuwa la mtu maskini. Lakini alikuwa ameketi anasoma kitabu cha nabii Isaya, na mwendo wake ulikuwa wa namna ambayo Filipo, mtu wa miguu, aliweza kukimbia na kumfikia. Walipoona maji, mwenye gari aliamuru gari lisimame, akabatizwa. Tumejiuliza mara nyingi: kama angekuwa anaendesha kama Yehu, Filipo angemfikiaje? Kuna watu ambao Mungu ametuwekea kando ya njia, na mwendo wetu hauturuhusu hata kuwaona.

Sasa tuseme juu ya maombi. Hakuna familia ya Kikristo inayoanza safari ndefu bila kuomba. Tunashikana mikono uani, tunamwomba Mungu atutangulie. Halafu, kabla hatujafika Kibaha, tunataka kumpita. Shetani alipompandisha Bwana Yesu kwenye kinara cha hekalu, alimshawishi ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemchukua. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Mtu anayeomba ulinzi, kisha akalipita lori kwenye kona asiyoona mwisho wake, amepanda kwenye kinara kile kile. Akifika salama atatoa shukrani kanisani, nasi tutaitikia amina, lakini hatutajua kama tunashukuru kwa imani yake au kwa uvumilivu wa Mungu.

Na jaribu hili si la roho yetu peke yake. Kwa mwendo wa 100, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva anapomwona mtoto, na kabla mguu wake haujaigusa breki, sekunde moja hivi imepita, na mita hizo 28 zimekwisha. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Linasema pia kwamba mtembea kwa miguu akigongwa kwa mwendo wa 65 badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara nne na nusu. Tofauti ya namba hizo mbili ni mkao mdogo sana wa mguu. Mama anayeuza machungwa kando ya barabara pale Muheza na watoto wanaorudi shule jioni hawakuchagua nguvu ya injini yetu. Amri ya kumpenda jirani inatukuta tukiwa na usukani mkononi.

Mwaka wa pili wa gari hili, kiasi chetu kilipimwa kwa namna tusiyoitegemea. Saa mbili asubuhi, siku ya kazi, simu ilipigwa kutoka Moshi kwamba baba amezidiwa, amepelekwa hospitali, na kama tunataka kumwona tuje. Baba wa mmoja wetu, baba mkwe wa mwingine, na kwa wote wawili mtu aliyetufundisha kuomba. Saa tatu tulikuwa njiani, watoto wawili kiti cha nyuma.

Tulikuwa na gari linaloweza na sababu ambayo kila mtu angeielewa. Majivuno hayakuwepo siku hiyo. Kulikuwa na upendo tu, na upendo nao unaweza kuukanyaga mguu. Baada ya Chalinze mwenye usukani alisema, "Tukikaza tutamkuta." Mwingine alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba asingetaka tukaze." Hatukuongea tena mpaka Korogwe. Tulifuata vibao. Kwenye 50 tulikwenda 50, tukiangalia magari mengine yakitupita, huku simu ikiwa mapajani.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Baba alikuwa amelala katika Bwana saa kumi na moja na nusu.

Hatutaki kulipamba jambo hili. Nusu saa ile ingepatikana barabarani. Tumepiga hesabu mara nyingi usiku, na hesabu haibadiliki. Ndugu mmoja alisema wazi msibani, "Gari lote lile, mmekuja kama baiskeli." Neno hilo liliuma, na bado linauma kidogo tukilikumbuka. Hatukuwa na jibu, na kusema kweli hatukulitafuta.

Jibu lilikuja kwa mama, siku ya tatu baada ya maziko, tukiwa jikoni tunamenya ndizi. Alisema siku ile kila simu ilipolia aliogopa mara mbili, kwa ajili ya aliyelala wodini na kwa ajili ya sisi tuliokuwa njiani. Kisha akasema, "La kwanza Mungu alilipanga. La pili lilikuwa mikononi mwenu." Akaendelea kumenya.

Tangu hapo tumeelewa kwamba kiasi kina gharama, na wakati mwingine gharama yenyewe hairudishwi katika maisha haya. Tulipoteza nusu saa ambayo tungeitoa kwa furaha kununua kwa kila tulicho nacho. Lakini tuna tumaini la ufufuo. Kama tunaamini kweli kwamba tutamwona baba tena, basi hatukulazimika kuhatarisha mtoto wa mtu mwingine ili tumwone Alhamisi ile.

Washarika wenzetu wametuuliza tunafanyaje. Mambo yenyewe ni madogo. Safari ndefu tunaanza alfajiri, ili saa zisiwe adui yetu. Asiyeendesha ana mamlaka ya kusema neno moja, "Kiasi," na mwenye usukani anapunguza bila ubishi, awe mume au awe mke. Hatutangazi tumetumia saa ngapi, na shemeji akiuliza tunamjibu kwamba tumefika. Na watoto tumewafundisha hesabu hii: kilomita 100 kwa mwendo wa 100 ni dakika 60, kwa mwendo wa 120 ni dakika 50. Yule anayetupita kwa kishindo amenunua dakika kumi. Waulizeni watoto wenu dakika kumi hizo zina thamani gani mkishafika.

Yakobo anasema lijamu ndogo kinywani mwa farasi huugeuza mwili wake wote. Farasi wetu siku hizi wako chini ya boneti, mamia kwa mara moja, na lijamu yao ni mguu wa kulia. Mguu huo nao ulibatizwa pamoja na mwili wote.

Ee Bwana, umetupa nguvu ambazo baba zetu hawakuwa nazo. Utupe na kiasi cha kuzibeba. Tunapokuomba ututangulie, utusaidie tukae nyuma yako. Uwalinde waendao kwa miguu dhidi ya haraka yetu, na utufikishe. Amina.