Safari ya Kulitafuta Ziwa Lorian

Mtu atakaye kulijua ziwa huingia mtumbwini. Ndivyo wafanyavyo wavuvi wa Ziwa Victoria, na ndivyo wafanyavyo Wapokomo katika mto wao wa Tana. Lakini upande wa mashariki wa Isiolo, kupita Merti hata kuingia nchi ya Wajir, kuna maji ambayo mgeni hakuweza kuyapeleleza kwa mtumbwi. Jina lake ni Lorian.

Mwaka wa 1892 Bwana William Astor Chanler, kijana tajiri wa Kimarekani, aliondoka Lamu pamoja na Bwana Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la maji la Austria. Huyu wa pili alikwisha kupata sifa, kwani mwaka wa 1888 yeye na Bwana Teleki walilifikia ziwa liitwalo leo Turkana. Wapagazi wao walikuwa watu wa Unguja, na walinzi Wasudani na Wasomali. Waliufuata mto Tana, kisha wakavuka nchi mpaka Ewaso Nyiro, maana walikuwa wamesikia kwamba mto huo huishia katika ziwa kubwa.

Basi wakateremka na mto kwa miguu, hata mwaka wa 1893 ukawakuta njiani. Kwao New York na Vienna hayo yalikuwa majira ya theluji. Bondeni mwa Ewaso Nyiro yalikuwa majira ya vumbi na jua. Walipita maporomoko ya maji ambayo mpaka leo yana jina la Chanler. Wakaendelea mbele wakitazamia kuona maji yameenea mbele yao kama bahari. Walipofika, waliona nyasi ndefu, matete na matope. Ziwa lililosifiwa lilikuwa kinamasi.

Je, wenyeji walikuwa wamewadanganya? Hata kidogo. Ewaso Nyiro hukusanya maji ya vijito vishukavyo kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Haba na haba hujaza kibaba. Mvua ikinyesha sana huko juu, mto hufika Lorian kwa nguvu, ardhi ni tambarare, maji hutanda yakawa ziwa kweli. Na mafuriko yakizidi, hupita mbele kwa njia ya Lak Dera kuelekea Somalia. Mvua ikikosekana, jua hunywa sehemu yake, mchanga nao hunywa sehemu yake, na ng'ombe hupita palipokuwa na maji. Aliyesema ni ziwa alisema kweli, na aliyesema ni matope alisema kweli. Kila mmoja alisimulia mwaka wake.

Wachungaji Waborana na Wasomali hawakuhitaji mgeni kuwafundisha jambo hilo. Wao hulijua Lorian kwa kwato za mifugo yao: mwaka gani majani yalistawi, mwaka gani watu walichimba visima mkondoni, na mwaka gani ng'ombe walikufa.

Leo neno jingine limeongezeka, nalo si la mvua peke yake. Huko juu, Laikipia na pande za Timau, mashamba yamekuwa mengi, na mifereji na pampu huchota maji kabla mto haujafika Archer's Post. Katika viangazi vikali mto umekauka hapo kabisa. Mkulima afunguaye mfereji wake asubuhi halioni Lorian, wala mchungaji wa Merti hamwoni mkulima huyo. Lakini wanakunywa kikombe kimoja, naye aliye juu ndiye anywaye kwanza. Hana ubaya moyoni, ila hajapata kuona kikombe kikifika kitupu kwa mwenzake.

Tangu mwaka wa 2013 watu wa bonde hilo wamekuwa wakifanya msafara wa ngamia kandokando ya mto, wakizungumza na jamaa za njiani juu ya kuutunza. Hiyo ni safari ya upelelezi iliyo bora kuliko ile ya Bwana Chanler. Yeye alikwenda kutazama mwisho wa maji tu, akarudi amevunjika moyo. Lakini atakaye kujua kwa nini mwaka huu Lorian ni ziwa, na mwaka ujao ni vumbi, hana budi kuupandia mto mpaka mlimani, akitazama kila mfereji, na kuuliza kila mtu amechota kiasi gani, na amemwachia nani.